Uzi wa Mihambo

Kazi ya Semkunde ilikuwa kufunga uzi. Mgonjwa anafika dirishani, anatoa kidole, sindano inamgusa, tone la damu linanywewa na Msomaji, na kabla mtu hajamaliza kulalamika uzi unachungulia kwenye tundu la chini. Mweupe, rudi nyumbani ukanywe maji. Mwekundu, pita ndani ulale. Semkunde anaukata, anauzungusha kwenye kifundo cha mkono, anapiga fundo. Basi, hapo amemaliza. Mashine yenye akili zote hizo haikujua kupiga fundo. Au labda wakubwa wa Mamlaka ya Homa waliona haya mtu ahukumiwe bila kuguswa na mkono wa binadamu.

Msomaji mwenyewe alikuwa kasha la rangi ya maziwa, halizidi cherehani. Siku Semkunde anaanza kazi, Matroni Namsifu, mwanamke wa Kipare aliyekuwa akisimamia jengo lile, alimweleza linachofanya.

"Kirusi cha kidingapopo kichukulie kama barua, mzee wangu. Barua ya herufi elfu kumi na ushei, na herufi zenyewe aina nne tu. Kikiingia mwilini kinajinakili mbio mbio, kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Kinakosea herufi hapa, kinakosea kule. Makosa mengi hayana maana, mengine yanakiua chenyewe. Lakini mara moja moja kosa linakipa meno. Sasa kile chenye meno kinazaa, watoto wake wana meno, ndiyo unapata koo mbalimbali. Ukoo huu utakuumiza kichwa na viungo, utakuachia. Ukoo ule unatoboa mishipa, maji ya damu yanavujia tumboni na kifuani, mtu anakauka huku amejaa maji. Msomaji anasoma barua yote, anakwambia aliyebisha hodi ni wa ukoo gani."

"Na watu wa ukoo mmoja wote huwa na tabia moja?"

Matroni alitabasamu kidogo. "Mara nyingi."

Semkunde hakuuliza tena. Hiyo "mara nyingi" ndiyo iliyomzika mke wake.

Mwanakombo alifungwa uzi mweupe, kwa mkono wa mfungaji mwingine, kwenye dirisha hilo hilo. Aliugua, akanywa maji kama alivyoagizwa, homa ikashuka. Na homa ikishuka, watu wa mtaa wao, Ngamiani, wana desturi yao: mgonjwa anaogeshwa homa. Wanachemsha mwarobaini na mchaichai, wanamwogesha, wanamvika kanga mpya, wanapika wali wa nazi majirani wale washukuru. Basi wakamwogesha, wakapika. Majirani walikuwa bado wanalamba vidole Mwanakombo aliposema tumbo linamkata. Mikono yake ilikuwa baridi. Kumbe homa hii ina hila kuliko nyoka. Inaposhuka ndipo inapoanza kazi, na watu wanaipigia vigelegele.

Wakubwa walikuja baada ya mazishi, na viatu vyao, na maelezo yao. Walisema kosa halikuwa la Msomaji peke yake. Kidingapopo kina aina nne. Ukiugua aina ya kwanza mwili unaweka askari wa kuikumbuka. Ikija aina nyingine, askari wale hawaijui vizuri, wanaikamata nusu nusu, na badala ya kuiua wanaisindikiza hadi ndani. Hapo hata kirusi cha ukoo mpole kinaweza kumaliza mtu. Mwanakombo lazima aliwahi kuugua zamani. Kwa hiyo, wakasema, tumerekebisha. Kuanzia sasa mfungaji atauliza kila mgonjwa: umewahi kuugua kidingapopo?

Na kila mgonjwa alijibu vilevile. "Sijawahi. Malaria tu." Maana pale tangu enzi za mababu kila homa ni malaria. Ukitetemeka ni malaria, ukitapika ni malaria, ukikataa chai asubuhi ni malaria. Wakubwa walitunga swali ambalo mji mzima haukuwa na jibu lake, wakaenda zao wameridhika. Kisha wakampa Semkunde kazi ya dirishani, kama mtu anayempangusa mtoto machozi kwa mkono ule ule uliompiga kofi.

"Ukimtilia mgonjwa shaka, piga hiyo kengele," Matroni alimwambia. "Nina vipimo vya damu ya zamani. Vinaonyesha kama mtu ana wale askari. Ni vichache, hatuwezi kumpima kila mtu, lakini vipo. Niite tu."

Kengele ilikuwa karibu na kiwiko chake. Semkunde hakuwahi kuipiga. Tangu lini mkubwa akaitwa akaitika?

* * *

Masika ya mwaka ule yalijaza mapipa. Kila paa la Tanga lilikuwa na pipa lake, kwa amri. Wakubwa walipoona ukame umezidi waliagiza kila nyumba ikinge maji ya mvua, na asiyekinga anashtakiwa. Watu wakakinga. Mbu wa miguu ya madoadoa, anayeuma mchana kweupe bila aibu, akapata nyumba za bure mji mzima. Walioleta mapipa ndio hao hao walioleta Msomaji. Semkunde alikuwa akiyasema haya kwa yeyote aliyekaa karibu naye kwenye kahawa, na watu walikuwa wameanza kukaa mbali.

Foleni ilikuwa imefika hadi kwenye mwarobaini wa getini alipomwona Sikudhani.

Alikuwa mtoto wa dada yake Mwanakombo, aliyelelewa nyumbani kwao tangu mama yake alipofariki. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mshonaji, na tangu msiba ndiye pekee aliyekuwa akimpelekea Semkunde chakula na kumvumilia maneno yake. Alijitanda kanga hadi machoni, mwanga ulikuwa unamsumbua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Juzi. Macho yananiuma kwa nyuma, kama kuna mtu ndani anayasukuma yatoke."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia ungeanza kuitukana serikali, na mimi kichwa kinaniuma."

Nyuma yake lilitokea cheko. Aliyecheka alikuwa Mihambo, fundi baiskeli wa Barabara ya Kumi na Tano, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge akasahau njia ya kurudi. Alikuwa jitu la mtu, shingo kama ya fahali, na hata homa yake ilionekana imemkalia kwa woga. Kati ya Mnyamwezi na Mzigua kuna utani wa tangu enzi za misafara, na Mihambo hakuwahi kumwona Semkunde akampita kimya.

"Binti, mwache babako. Wazigua wakikosa wa kumtukana wanajitukana wenyewe."

"Na wewe umefuata nini hapa?" Semkunde alisema bila kuinua macho. "Mababu zako walibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani. Mjukuu homa kidogo tu analia."

"Nimekuja nikufie hapa mkononi, mtani, unizike. Ila nikifa sanda yangu usiikate kaptula. Nawajua."

Watu wa foleni wakacheka. Sikudhani naye akacheka kidogo, akashika kichwa. Semkunde alichukua kidole chake.

"Umewahi kuugua kidingapopo?"

"Sijawahi. Malaria tu, ile ya mwaka juzi."

"Walikupima?"

"Nani anapimwa malaria, baba? Nilinunua dawa dukani."

"Macho yaliuma hivi?"

Alifikiri. "Labda. Sikumbuki. Homa ni homa."

Msomaji alikunywa tone lile, akaguna kidogo, akatema uzi. Mweupe.

Sikudhani alinyoosha mkono ili afungwe. Semkunde hakuufunga. Aliukata uzi, akaukunja kiganjani.

"Simama pembeni kidogo," alisema. "Anayefuata."

Mihambo aliweka mbele kidole kilichojaa mafuta ya mnyororo. Semkunde alimuuliza swali la wakubwa. Mihambo akajibu jibu la mji. Msomaji alikunywa, akaguna. Mwekundu.

Juu ya mlango kulikuwa na taa za vitanda, moja kwa kila kitanda, kijani ikiwa kitupu. Zilikuwa zimezimika zote isipokuwa moja. Vile havikuwa vitanda vya kulalia tu. Vilisikiliza. Ndani ya godoro kulikuwa na masikio yanayosikia maji yakihama kutoka mishipani kwenda tumboni kabla mgonjwa mwenyewe hajajua, na mrija ulimrudishia kadiri ile ile aliyopoteza. Ukimpungukia anakauka, ukimzidishia anazama ndani ya mwili wake. Daktari mzuri angeweza kazi ile kwa mgonjwa mmoja. Kitanda kiliiweza usiku na mchana bila kusinzia. Aliyelala pale hakufa. Hilo hata Semkunde alilikubali, ingawa alilikubali kwa kinyongo, maana Mwanakombo hakulala pale.

Alikuwa na nyuzi mbili kiganjani. Nyuzi hazina majina.

Alimtazama Sikudhani aliyeegemea ukuta, kanga imemshuka begani. Macho kuuma kwa nyuma. Homa ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyeipima. Aliiona njia nzima mbele yake kwa uwazi kama mtu anayekumbuka: uzi mweupe, maji, homa inashuka, mwarobaini na mchaichai, wali, mikono baridi. Kisha akamtazama Mihambo, anayewaambia watu wa nyuma kwamba Mzigua akipewa mkasi kwanza anautafutia soko. Mtu kama huyu, alijiambia, hata kirusi kikali kitamwogopa. Mtu kama huyu atakunywa maji ndoo nzima na kesho atakuwa anagonga rimu.

Kupitia kioo cha ndani alimwona Matroni Namsifu amemwinamia mgonjwa. Kengele ilikuwa pale pale, karibu na kiwiko. Angeipiga, Matroni angekuja na maneno yake ya mara nyingi, angeangalia uzi, angesema utaratibu ni utaratibu. Alijua. Alishawahi kuyasikia yote.

"Sikudhani. Lete mkono."

Alimfunga uzi mwekundu.

Binti alipouona, uso ulimbadilika. "Mwekundu, baba?"

"Ingia ndani. Usiulize."

Taa ya mwisho ikazimika. Semkunde akamgeukia Mihambo, akamfunga ule mweupe. Mkono ulikuwa mnene, uzi ulitosha kwa shida.

"Mweupe!" Mihambo aliuinua juu kama mtu aliyeshinda ligi. "Mmeona? Hata mbu wamenikataa!"

"Nisikilize." Semkunde alimshika kifundo, akakishikilia. "Kunywa maji, kunywa madafu, usichoke. Homa ikishuka usifurahi. Usikubali wamwogeshe... usikubali wakuogeshe. Tumbo likiuma, rudi hapa hapo hapo. Unanisikia?"

Mihambo alimtazama, kwanza kwa mshangao, kisha meno yakatoka. "Mzigua anamfundisha Mnyamwezi kunywa maji. Dunia imekwisha, jamani."

Akaondoka, anaburuta kandambili, watu wanacheka nyuma yake.

* * *

Sikudhani alilala juu ya kitanda kinachosikiliza, na kitanda hakikusikia kitu. Homa ilipanda, ikakaa, ikaanza kushuka, na mrija haukutoa hata tone. Alilalamika njaa. Alilalamika kwamba godoro linanguruma kama paka. Akamwomba Semkunde mihogo ya kuchoma na pilipili.

Matroni Namsifu alisimama pembeni ya kitanda kwa muda, mikono kiunoni. Kisha akaenda kabatini, akaleta kimojawapo cha vile vipimo vyake vichache, akamtoboa Sikudhani kidole. Kijikaratasi kilibaki cheupe.

"Huyu hana askari wa zamani," alisema. "Hajawahi kuguswa na kidingapopo kabla ya safari hii. Malaria yake ilikuwa malaria kweli, masikini. Na kirusi alichonacho ni cha upole, ningeapa, kwa jinsi anavyodai mihogo." Akamgeukia Semkunde. "Kwa nini Msomaji alimpa mwekundu?"

Semkunde alikuwa akitazama kile kijikaratasi.

"Mzee wangu?"

"Sijui mambo ya mashine mimi."

"Itabidi niwaarifu wakubwa. Kama ameanza kuona meno mahali pasipo na meno, basi kuna mahali penye meno ambapo hayaoni." Aliyasema polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. "Unaelewa? Kuna mtu nyumbani kwake huko ana uzi mweupe na hastahili kuwa nao."

Semkunde alielewa. Alitoka bila kuaga, akachukua baiskeli.

Barabara ya Kumi na Tano ilikuwa imejaa maji ya mvua, na kabla hajafika alisikia harufu ya wali wa nazi. Hakuongeza mwendo. Miguu ilikuwa imekwisha kujua.

Mihambo alikuwa ameketishwa mkekani barazani, kavaa shati jipya la kitenge, nywele bado mbichi kwa maji ya mchaichai. Majirani walikuwa wamekaa na sinia. Mke wake, Kalunde, alikuwa anagawa wali na uso umemnawiri.

"Karibu, baba! Homa imetuachia tangu alfajiri. Tumemwogesha, kaoga mwenyewe nusu, kakataa kushikwa kama mtoto."

"Mtani," Mihambo alisema. Alitabasamu, lakini tabasamu lilichelewa kufika. "Unanusa wali kama fisi. Kaa."

Semkunde aliinama akamshika mkono. Ulikuwa baridi na umelowa, kama mtungi uliotoka kivulini. Chini ya ule uzi mweupe, mapigo yalikuwa yanakimbia membamba membamba, ukiyatafuta yanapotea.

"Tumbo linauma?"

"Kidogo. Ni huu wali wa wanawake wa Kinyamwezi, hawajui nazi..." Akaacha. Akajishika ubavu.

"Nilikwambia usioge," Semkunde alisema. "Nilikwambia."

"Nilidhani unanitania," Mihambo akasema.

Walimpakia kwenye bajaji ya jirani. Njia nzima hakusema neno, na kwa Mihambo kunyamaza ndiko kulikomwogopesha Kalunde kuliko mikono ya baridi. Kwenye jengo taa zote zilikuwa zimezimika. Sikudhani alipowaona wanaingia naye alishuka kitandani mwenyewe, bila kuambiwa, akasimama ukutani na kanga yake. Walimlaza Mihambo pale pale, godoro bado lina joto la binti.

Safari hii kitanda kilisikia. Kilinguruma, mrija ukafunguka, maji yakaanza kwenda, si kwa matone tena, kwa mfululizo. Matroni alikuwa upande huu, daktari upande ule. Walifanya kila kinachofanywa. Lakini mishipa ilikuwa imetoboka tangu asubuhi, kila kilichoingia kilitoka, na kitanda ambacho hakikuwahi kushindwa kilikuwa kimeitwa kwa kuchelewa. Mwadhini wa alasiri alikuta Kalunde amekaa chini sakafuni, bado ana mwiko wa kugawia wali mkononi.

Matroni Namsifu aliutazama ule uzi mweupe, akaufungua kwa kucha zake.

"Amekosea tena," alisema. "Mungu wangu. Mara mbili kwa siku moja."

Semkunde alikuwa amesimama mlangoni. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, na alijua kuwa ndio. Ulipita.

* * *

Habari ikatembea mji mzima. Kufikia kesho yake watu walikuwa getini, wanapiga kelele kwamba Msomaji ameua. Walisema wakubwa wameleta bati lisilojua mtu. Walisema wenye viatu hawafi, wanaokufa ni wenye kandambili. Semkunde aliyasikia kutoka dirishani kwake. Yalikuwa maneno yake, neno kwa neno, yale aliyoyasema miaka hii yote peke yake kwenye kahawa hadi watu wakamkimbia. Sasa mji mzima ulikuwa unamsemea. Alidhani yangekuwa matamu.

Spika za mitaani zikatangaza. Mamlaka imesikia kilio cha wananchi. Msomaji atazimwa mpaka achunguzwe. Kwa sasa vitanda vitagawiwa na kamati.

"Kamati," Matroni alisema, akiwa anakunja waya wa mashine. Alikuwa amechoka. "Unaijua kamati, mzee wangu? Kamati ni shemeji wa fulani. Kabla ya hili kasha vitanda hivi vilikuwa vya watoto wa mashemeji. Lilikuwa linakosea, ndiyo. Lakini halikuwa na shemeji."

Alilifunika kitambaa, kama mtu anayefunika maiti, akaenda kujitayarisha kwa msiba.

Kwa Mihambo walifunga turubai nyuma ya karakana yake, baiskeli mbovu zikiwa zimeegeshwa ukutani. Mazishi yalikuwa yamekwisha, watu wamerudi wamekaa mikekani. Na kwa kuwa marehemu alikuwa Mnyamwezi, na mji ule una Wazigua, watani walikuwa kazini. Ndiyo desturi. Msiba bila watani ni kilio kitupu, na kilio kitupu kinaua walio hai. Mzigua mmoja alikuwa amevaa kofia ya marehemu anaigiza mwendo wake. Mwingine alilala kifudifudi njiani, anadai hapiti mtu mpaka alipwe kwa uchovu wa kuchimba kaburi la mtu mnene vile. Watu walikuwa wanacheka huku wanafuta machozi, na hayo machozi hukuweza kuyajua ni ya upande gani.

Walipomwona Semkunde akiingia, walipiga makofi.

"Mtani mkubwa huyo! Mtani wake wa kila siku! Sema, mtani! Sema neno, tusikie!"

Kalunde alikuwa kati ya wanawake, kajifunika kaniki. Aliinua kichwa. Kwa kweli alikuwa anamsubiri. Mume wake alikuwa anarudi nyumbani kila siku na mapya ya Semkunde, yule Mzigua mwenye uchungu kama shubiri ambaye ukimtania vizuri anakaribia kucheka.

Semkunde alisimama katikati ya mikeka.

"Mimi ndiye niliyemuua," alisema.

Turubai zima liliangua kicheko.

"Tulijua!" mzee mmoja wa Kinyamwezi alipiga paja. "Wazigua ni wachawi wote! Alimroga kwa wivu!"

"Amekiri mwenyewe! Mkamateni alipe mbuzi!"

Na Kalunde akacheka. Aliziba mdomo kwa kaniki, mabega yakamtikisika, na wanawake waliokuwa wamemshika wakatazamana kwa furaha, maana hakuwa amekula wala kulia wala kutoa sauti tangu alipotoka hospitali. Mmoja akasema Alhamdulillahi, utani ni dawa.

Semkunde aliwatazama. Angeweza kukaa chini pale. Alikuwa amesema kweli, mbele ya watu, mchana, na wao wenyewe wameamua kuifanya kitu kingine. Mtu angeweza kuishi na hilo. Wapo wanaojitetea kwa madogo kuliko hilo.

Hakukaa.

"Nilikuwa na nyuzi mbili mkononi," alisema. "Sikilizeni. Mweupe ulikuwa wa Sikudhani, binti yangu. Mwekundu ulikuwa wa Mihambo. Msomaji hakukosea. Alisoma kila mtu na wake. Kitanda kilikuwa kimebaki kimoja. Nikaufunga mwekundu kwa binti yangu, mweupe nikamfunga huyu. Kwa mikono hii."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilizimika kuanzia waliokaa karibu naye, kikaenda kikizimika hadi pembeni, ambako mtu mmoja alicheka peke yake, akasikia sauti yake, akanyamaza. Yule wa kofia aliivua. Aliyelala njiani akainuka, akajikung'uta vumbi.

Matroni Namsifu alikuwa amekaa kati ya wanawake. "Kengele ilikuwa pale," alisema. Hakusema kwa ukali. "Ungeigonga. Ningempima binti, tungejua hapo hapo hayuko hatarini. Ningekuja, mzee wangu. Mbona ningekuja?"

Semkunde alijishika kiwiko.

Kalunde alishusha kaniki kutoka mdomoni. Uso wake ulikuwa bado haujamaliza kubadilika, kicheko kilikuwa kimebaki mahali fulani kwenye mashavu, hakijui kiende wapi.

"Nani alikutuma?" aliuliza.

Miaka yote hiyo hakukosa jibu la swali kama hilo. Nani alileta mapipa, nani alileta mashine, nani alimzika Mwanakombo: wakubwa. Neno lilimjia hadi ulimini lenyewe, kama mate. Alilisubiri litoke. Halikutoka.

"Hakuna," alisema. "Nilikuwa peke yangu pale dirishani."

Mvua ilikuwa imeanza upya, turubai likawa linavimba kwa maji, na kijana mmoja akainuka kulisukuma kwa mti ili yamwagike.

"Kaka zake wako njiani wanatoka Tabora," Kalunde akasema mwishowe. "Kaa hapo. Na wao utawaambia kwa mdomo wako, usimwachie mtu mwingine."

Wanaume wakasogea, wakamwachia nafasi kwenye mkeka, pana kuliko anayohitaji mtu mmoja. Semkunde akavua viatu, akakaa.